Akiba Haiozi, Lakini Haihesabiwi Mara Mbili

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya ulezi uliomo ghalani, ambao mwenye nyumba haugusi wakati wa shibe, ili mwaka mvua itakapokosekana asiende kugonga mlango wa jirani. Huo ni usemi wa hekima, na kila taifa lenye busara huufuata katika chakula, katika fedha na katika ulinzi. Lakini wahenga hao hao wangemshangaa mtu mwenye gunia moja la ulezi, ambaye asubuhi hulihesabu kuwa chakula cha wanawe, na jioni hulihesabu tena kuwa mbegu za msimu ujao. Siku ya kupanda ikifika, ama watoto watalala na njaa ama shamba litabaki tupu.

Ndugu wasomaji, leo nataka tuzungumze juu ya gunia hilo moja linalohesabiwa mara mbili. Nalo ni muuguzi aliyeandikwa katika jeshi la akiba.

Hapa Nyamityobora, katika jiji letu la Mbarara, ninaye jirani ambaye watu wa mtaa humwita Musawo. Alilitumikia jeshi kwa miaka tisa akiwa muuguzi, akaondoka kwa heshima na karatasi zake mkononi, na jina lake likabaki katika daftari la akiba. Baadaye alifanya kazi katika kituo kimoja cha afya huko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na sasa yumo katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Asubuhi humwona akirudi kutoka zamu ya usiku, macho mazito kwa usingizi, na kabla hajafungua mlango wake kuna mama anayemngoja kizingitini na mtoto mwenye homa. Sijapata kumwona akimfukuza mtu.

Siku moja aliitwa kwenda kwenye mafunzo ya majuma mawili, yale ya kuwakumbusha askari wa akiba waliyojifunza zamani. Alikwenda. Wodini hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Usiku wa nne, mwenzake aliyebaki alikuwa peke yake kati ya akina mama kumi na saba, na wawili kati yao wakashikwa na uchungu wa mwisho kwa wakati mmoja. Mtoto mmoja alizaliwa pasipo mkono wa mkunga wa kumpokea. Kwa rehema ya Mungu, mtoto na mama yake walipona. Jirani yangu aliporudi na kusimuliwa habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: “Mzee, mimi nikiitwa nitakwenda, kwa kuwa niliapa. Lakini siku ile nilipoapa hakuna aliyesema ni nani atakayeshika zamu yangu.”

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza niseme wazi, ili nisije nikadhaniwa kuwa napinga wajibu wa ulinzi. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 17, inamtaka kila raia ailinde Uganda na atoe huduma kwa taifa inapohitajika. Na inawataka wote wenye nguvu za mwili wapate mafunzo ya kijeshi wanapoitwa. Hilo ni jambo la haki. Nchi haiwezi kuweka askari wa kudumu wa kutosha kwa kila shari inayoweza kutokea, kwani gharama yake ingeimaliza hazina. Kwa hiyo huweka akiba: watu waliofunzwa, walio makwao wakilima, wakifundisha au wakifanya biashara, na ambao mbiu ikipigwa watarudi kwenye safu. Sina ugomvi na mpango huo.

Ila yafaa tujiulize: je, muuguzi wa akiba ni sawa na askari wa akiba mwingine yeyote? Mkulima akiitwa, shamba lake litaota magugu, na akirudi atapalilia. Fundi seremala akiitwa, kiti cha mteja kitangoja. Lakini muuguzi akiitwa, kazi yake haingoji. Tena huzidi. Shari ile ile inayolifanya jeshi limwite ndiyo inayoijaza wodi aliyoiacha. Vita vikizuka, majeruhi watakuwa mstari wa mbele, na raia waliokimbia risasi watakuwa mlangoni mwa hospitali. Ugonjwa wa kuambukiza ukizuka, jeshi litataka wauguzi katika kambi zake, na Wizara ya Afya itawataka katika wilaya. Katika siku hiyo moja mtu mmoja atatakiwa mahali pawili. Njia mbili zilimshinda fisi, naye alikuwa na miguu minne.

Haya si mambo ya kubuni. Tuutazame mpaka wetu wa magharibi. Mwezi Novemba mwaka 2021 jeshi la Uganda, pamoja na jeshi la Kongo, lilianza operesheni iliyopewa jina la Shujaa dhidi ya waasi wa ADF. Askari anapojeruhiwa katika misitu ile, hapana budi awepo wa kumfunga jeraha, wa kumwangalia juu ya machela, na wa kumkesha hospitalini. Lakini misitu na milima hiyo hiyo ya mashariki ya Kongo ndiyo inayotuletea wakimbizi. Mwezi Januari mwaka 2025 mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu ukafuata mwezi Februari, watu walivuka mpaka na watoto mgongoni. Mama aliyelala njiani siku kumi naye anahitaji muuguzi. Na muuguzi huyo, ndugu zangu, huenda akawa ndiye yule yule ambaye jina lake limo katika daftari la akiba.

Wenye umri wa kutosha hapa Mbarara hawana haja ya kufundishwa maana ya mbiu ya vita. Tarehe 17 Septemba mwaka 1972 wapiganaji waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya Simba katika mji huu, wakashindwa, na waliolipa baada ya hapo ni wananchi wengi ambao hawakuwa na bunduki. Mwezi Februari mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wetu yakiwa njiani kumwondoa Idi Amin. Katika vita ile Tanzania iliwatoa makumi ya maelfu ya wanamgambo mashambani na maofisini, ikawaunganisha na jeshi la kudumu. Jeshi la akiba basi ni kitu kilichowahi kupita katika barabara zetu kwa miguu.

Na wale wapendao kusema kwamba bunduki huja kwanza na bendeji hufuata, nawaomba waisome historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi kubeba mizigo ya jeshi lao. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam bado unabeba jina la kikosi hicho. Waliokufa kwa mujibu wa maandishi ya serikali yao ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba hesabu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na njaa. Ilipofika mwaka 1917 wakubwa wa jeshi waliona kwamba wapagazi wanakwisha kama theluji ya mlimani inayopigwa na jua, ndipo wakaunda kikosi cha waganga wasaidizi wa Kiafrika, wakichukua vijana waliosoma katika shule za Uganda. Vijana wale walifanya kazi ya heshima kubwa. Lakini waliitwa wakati makaburi yalikwisha kuchimbwa. Hilo ndilo tunda la kuikumbuka akiba siku ya njaa.

Vita sio shari pekee. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliingia Gulu ukawapata watu 425, na 224 kati yao wakafa. Katika hospitali ya Lacor alifariki Daktari Matthew Lukwiya, pamoja na wauguzi kadhaa waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa naye. Mwezi Septemba mwaka 2022 ugonjwa huo ulitangazwa Mubende. Hadi ulipokwisha mwezi Januari mwaka 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na 7 wamekufa. Uliporudi tena mwezi Januari mwaka 2025, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi mjini Kampala, naye alikwisha kufa. Na katika mwezi huo huo, ng’ambo ya mto Kagera, Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, katika mkoa unaopakana na Isingiro yetu. Katika mapambano ya namna hiyo muuguzi ndiye askari wa mstari wa mbele, awe amevaa magwanda au koti jeupe. Kumtoa katika mstari mmoja ili kumpeleka katika mstari mwingine si kuongeza askari.

Sasa niwaombe wasomaji tuteremke hadi Nakivale, kwani huko ndiko suala hili linakoonekana kwa macho.

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, nao wamezidi 150,000. Hawaishi ndani ya ua wa seng’enge. Wamepewa viwanja, wanalima, wanauza, wanaoana. Vituo vya afya vilivyojengwa kwa ajili yao huwatibu pia wananchi wa vijiji vya jirani bila ya ubaguzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: usemi huu huko si wa kupamba mazungumzo, kwa maana Mnyankole wa Isingiro huenda kweli kuponea katika zahanati ya mgeni wake.

Lugha ya zahanati hizo kwa sehemu kubwa ni Kiswahili. Na hapa ndipo jirani yangu alipopata somo ambalo jeshi halikumpa.

Sote tunaijua historia ya Kiswahili nchini Uganda. Kililetwa na wafanyabiashara wa pwani, kikakaa sokoni. Kisha kikaingia katika jeshi la kikoloni la KAR, kikawa lugha ya gwaride. Baada ya Uhuru kikabaki kambini. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, katika miaka ambayo mwananchi akisikia Kiswahili usiku alizima taa. Ndiyo maana wazee wengi walikichukia: walikisikia zaidi kutoka kwa mtu aliyewanyooshea bunduki. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitumia kweli kweli. Lakini sheria haiwezi kulitoa woga moyoni. Anayeweza ni mtu mwenye lugha hiyo kinywani na dawa mkononi.

Musawo alijifunza Kiswahili kambini. Alikijua kwa amri: simama, geuka, kaa chini, fungua. Siku yake ya kwanza Nakivale aliletewa mama wa Kivu mwenye mtoto aliyekuwa akihara. Akamwambia, kwa sauti ile ile ya gwaride, “Kaa pale! Mfungue mtoto!” Yule mama alianza kutetemeka, akamkumbatia mtoto wake kwa nguvu, asikubali hata kuguswa. Mara ya mwisho aliposikia Kiswahili cha sauti ile, alikuwa kijijini kwake na nyumba ilikuwa inawaka. Jirani yangu aliniambia kwamba alitoka nje, akavuta pumzi, akarudi akaketi sakafuni karibu naye, akasema polepole, “Pole, mama. Mtoto anaitwa nani?” Baada ya muda mama akamjibu. Kabla ya jioni alikuwa akimwita munganga, kama Wakongomani wanavyowaita waganga wao, na mtoto alikuwa anakunywa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Naleta habari hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba muuguzi wa akiba ni hazina ambayo hata jeshi lenyewe halijaithamini ipasavyo. Ametoka kambini, ameingia hospitali ya raia, amewahudumia wakimbizi; anajua kuzuia damu inayobubujika, na anajua pia kumtuliza mjane. Jeshi letu lina siku yake liitwayo Tarehe Sita, kwa ukumbusho wa tarehe 6 Februari mwaka 1981, na katika majuma yanayoitangulia waganga na wauguzi wa jeshi huwatibu wananchi bila malipo. Nenda ukaone foleni zao. Mwananchi haogopi sare ikiwa imekuja na sindano na neno jema.

Sababu ya pili ni ya tahadhari. Si kila mahali panafaa kwa sare. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la ubinadamu, wala lisihesabiwe na nchi yoyote kuwa uadui. Makazi ya wakimbizi basi ni mahali pa raia. Muuguzi wa akiba akitumwa kusaidia huko, magwanda yabaki nyumbani, na bunduki isikaribie mlango wa zahanati. Wengi wa wagonjwa wale walikimbia magwanda.

Jambo hilo linanipeleka kwenye sheria ya vita, ambayo wananchi wengi hatuisomi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 1964, inamlinda muuguzi wa jeshi: asishambuliwe, aheshimiwe, avae kitambaa chenye alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu mkononi. Hata silaha ndogo ya kujihami na kuwahami majeruhi wake amekubaliwa. Lakini mkataba wa kwanza unatofautisha watu wawili. Yuko ambaye kazi yake yote ni tiba. Huyo analindwa wakati wote. Na yuko askari aliyefunzwa uuguzi kama kazi ya ziada. Huyo analindwa wakati anapoifanya kazi hiyo tu. Basi kamanda akimpanga muuguzi wa akiba leo katika hema la majeruhi, kesho akampa zamu ya kulinda lango, amemvua ngao yake kwa mkono wake mwenyewe, na huenda yule muuguzi asijue mpaka siku atakapopigwa risasi.

Yumkini msomaji mmoja atasema: “Wewe mzee unaongea kama kwamba adui atatungoja tupange zamu za wodi. Nchi ikivamiwa, hospitali itakuwa na faida gani?” Namheshimu msomaji huyo, na swali lake ni la haki. Lakini namjibu kwamba hospitali nayo ni sehemu ya ulinzi. Askari aliye mstari wa mbele ana mke mjamzito hapa Nyamityobora, ana mama mwenye shinikizo la damu huko Rwampara, ana mtoto wa miaka miwili. Akipata habari kwamba mke wake amefia wodini kwa kukosa mkunga, mkono wake utashikaje bunduki? Kumlinda askari ni pamoja na kuilinda nyumba aliyoiacha.

Mwingine atasema: “Wauguzi ni wengi, kila mwaka vyuo vinatoa wapya.” Ni kweli vyuo vinawatoa. Lakini Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga wasiopungua 4.45 kwa kila watu 1,000, nasi, kama majirani zetu wengi, tuko mbali chini ya kiasi hicho. Wakati huo huo wapo vijana wenye vyeti vya uuguzi waliokaa nyumbani bila kazi, kwa kuwa nafasi za kuajiriwa hazijafunguliwa, na wengine wanatafuta njia ya kwenda Uarabuni na Ulaya. Mwaka 2014 palikuwa na mpango wa kuwapeleka wahudumu wa afya zaidi ya 200 huko Trinidad na Tobago, nao ulizusha kelele hadi mahakamani. Kwa hiyo tunaye muuguzi anayehesabiwa na hospitali, na jeshi, na nchi za ng’ambo. Halafu tunaye mwingine ambaye hahesabiwi na mtu yeyote. Huyu wa pili ndiye akiba ya kweli, naye ndiye tunayemwacha aoze.

Kulalamika peke yake ni kazi rahisi. Natoa mapendekezo manne.

Kwanza, madaftari mawili yasomwe pamoja. Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1996, lina daftari la wauguzi wote wenye kibali. Jeshi lina daftari la akiba. Wakubwa wa pande hizi mbili wakae meza moja kila mwaka, waone ni majina gani yamo kote kuwili, na yako katika wodi gani. Kisha iwekwe kanuni kwamba kituo chochote cha afya kisichukuliwe wauguzi wa akiba kupita kiasi kinachoweza kuvumiliwa. Na wodi yenye mkunga mmoja isiguswe kamwe mpaka aletwe mwingine.

Pili, awepo wa kushika zamu kabla mwenye zamu hajaondoka. Vijana wenye vyeti waliokaa nyumbani waandikwe kuwa akiba ya hospitali, walipwe posho ya mafunzo, wapitishwe wodini siku chache kila mwezi ili mikono isisahau. Wauguzi wastaafu wenye nguvu nao waombwe. Siku muuguzi wa jeshi la akiba atakapoitwa, mbadala wake awe anaijua kabati ya dawa iko wapi na ufunguo umetundikwa wapi. Fedha itakayotumika hapa ni ndogo kuliko ile itakayotumika kukusanya watu kwa haraka wakati wa maafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, kazi yake na haki zake zilindwe kwa maandishi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1985 inayomlazimu mwajiri kumrudisha kazini askari wa akiba aliyeitwa kwenye utumishi. Marekani ina sheria ya mwaka 1994 inayofanana na hiyo. Kwetu pia muuguzi wa akiba apewe hakika kwamba akirudi ataikuta nafasi yake, cheo chake na miaka yake ya pensheni bila kupunguzwa. Na kwamba akifa au akilemaa, watoto wake hawatazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, jeshi likisema alikuwa wa hospitali, na hospitali ikisema alikuwa wa jeshi. Aidha, karatasi ya kumwita ieleze kazi yake: muuguzi, na si kitu kingine. Hiyo ndiyo ngao yake ya Geneva.

Nne, mafunzo ya akiba yasiwe kwata na shabaha tupu. Yawemo mafunzo ya kuchambua majeruhi wengi kwa mara moja, ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga bila kujiambukiza, na ya Kiswahili cha kumhudumia mgonjwa. Hili la mwisho halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mwalimu mmoja mwenye subira, na wakimbizi wachache wa Nakivale waalikwe waje kuwafundisha wauguzi wetu jinsi Mkongomani na Mrundi wanavyolitaja tumbo, uchungu na woga. Muuguzi anayekosea dawa ataitwa kujieleza; anayekosea neno mara nyingi hajui kwamba mgonjwa amekwisha kuondoka.

Ndugu wasomaji, muuguzi wa akiba amekula viapo viwili. Siku alipomaliza chuo aliapa kumtunza mgonjwa, na siku alipoingia jeshini aliapa kuitetea nchi. Sisi tuliobaki tukinywa chai hatuna haki ya kuvigombanisha viapo hivyo ndani ya kifua cha mtu mmoja, kisha tukamsifu kwa uvumilivu wake. Ni kazi ya serikali, ya makamanda na ya wakuu wa hospitali kuvipatanisha mapema, wakati wa amani, kwa kalamu na karatasi, ili mbiu itakapolia asibaki mtu kati ya kambi ya Makenke na wodi ya wazazi akijiuliza amsaliti nani.

Jana jioni nilimwona Musawo ameketi barazani mwake akifua sare zake mbili. Ile nyeupe aliianika kwenye kamba pamoja na nguo za watoto. Ile ya kijani aliikung’uta, akaikunja vizuri, akairudisha sandukuni. Nilimuuliza kama ameitwa tena. Akasema, “Bado, mzee. Lakini nguo ya akiba haifai kuota ukungu.”

Yeye amekwisha kujiweka tayari kwa upande wake. Wenye kumhesabu nao wajiweke tayari, na wamhesabu mara moja.